Mti Wenye Rangi kwa Ploti ya Hamsini kwa Mia

Kila Oktoba simu za watu wa Nakuru hujaa picha za majani. Binamu aliyeko Lowell, Massachusetts, amesimama na jaketi zito chini ya mti wa mepo uliogeuka mwekundu juu hadi chini. Shangazi aliyekwenda Minnesota kumwona mjukuu amerudi na video ya mtaa mzima wenye rangi ya chungwa na dhahabu, hata lami haionekani kwa majani. Watu wakishamaliza kustaajabu, swali huwa ni lile lile: mti huo hauwezi kuota hapa kwetu, pale mbele ya nyumba, kati ya geti na veranda?

Wenye haraka hawaulizi. Huingia kwenye intaneti wakaagiza mbegu. Ushauri wangu kwao ni kwamba waziweke pesa mfukoni, na sababu ya kwanza haihusu hata mimea yenyewe. Mbegu na miche kutoka nje ya nchi huhitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na kibali hicho hutafutwa kabla mzigo haujasafirishwa, si baada ya kukwama posta. Tena mbegu nyingi za mepo zinazotangazwa mitandaoni ni ulaghai mtupu. Ile mepo ya buluu, kwa mfano, haipo popote duniani. Picha yake imepakwa rangi kwenye kompyuta.

Lakini tuseme mbegu ni halali na mche umeota vizuri. Je, majani yatageuka?

Mti wa Massachusetts huishi kwa kupima mchana. Mwezi Juni mjini Boston jua hukaa angani zaidi ya saa 15. Ifikapo Desemba limebaki saa 9 tu. Mchana unapofupika na usiku kupoa, mti huacha kutengeneza kijani, hurudisha virutubisho shinani, na pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi hujenga utando wa kulikata. Manjano inayoonekana wakati huo ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, ila ilikuwa imefunikwa na kijani. Wekundu una habari yake. Huo hutengenezwa upya, kwa sukari iliyonaswa ndani ya jani, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha.

Usiku wa baridi tunao, waulize watu wa Molo. Mchana unaofupika ndio hatuna. Ukitoka mjini kwa barabara ya Marigat, kabla safari haijachanganya umeshauvuka mstari wa ikweta pale Mogotio. Katika mwaka mzima, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi hapa Nakuru ni dakika chache tu, na mti uliozaliwa kusubiri dalili ya majira hubaki ukisubiri. Wakulima wa matofaa wa nyanda za juu wanalifahamu jambo hili. Mtofaa wa Ulaya uliokosa baridi ya kutosha hushindwa kulala: tawi moja lina maua, jingine lina matunda, la tatu limekaa tu. Ndiyo sababu wanaopanda matofaa huku hutafuta aina zisizodai baridi nyingi, kama Anna iliyozalishwa Israel na Dorsett Golden ya Bahamas, na hata hizo wengine huzinyonyoa majani kwa mkono ili mti ushtuke na kuchanua kwa pamoja. Kwa tofaa la kuuza kazi hiyo inalipa. Sijamwona bado mtu wa kupanda ngazi kunyonyoa mti wa mapambo.

Miti yetu husoma maji. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya milimita 900 na ushei kwa mwaka wa kawaida. Mvua kubwa huja Aprili na Mei. Agosti huwa na kilele chake, jambo ambalo wageni kutoka Nairobi hulishangaa. Novemba hudondosha kidogo. Kisha kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi ni vumbi, na yeyote aliyewahi kuanika nguo Februari katika mji huu anajua vumbi gani. Ni katika kipindi hicho kikavu, na katika mapengo mafupi kati ya mvua na mvua, ndipo miti hubadilisha rangi. Hakuna wiki ambayo mji mzima hugeuka. Mmoja hugeuka leo kwa jirani, mwingine baada ya mwezi kule ng'ambo ya barabara, na miti miwili ya jamii moja haitakubaliana kama mmoja umeota karibu na bomba linalovuja. Mwenye kutaka barabara nzima ya dhahabu kwa wakati mmoja, tikiti ya ndege ndiyo dawa yake. Mwenye kuridhika na mti mmoja uliopandwa mahali pazuri, na ambao kila mwaka utampa wiki kadhaa za kusimama getini akiutazama, ana miti mingi ya kuchagua kuliko anavyodhani.

Kama ningelazimika kutaja mti mmoja tu, ningetaja tebeswet. Ndilo jina la Wakalenjin. Wagikuyu huuita mutundu, na wanasayansi huuita Croton macrostachyus. Umeupita mara nyingi bila kuutazama: mipakani mwa mashamba ya Njoro, kwenye mitaro ya Bahati na Subukia, kando ya msitu wowote uliokatwa ukaanza kurudi. Kwa kuwa huota wenyewe, watu huuhesabu pamoja na magugu. Okota jani lake moja lililoanguka. Lina umbo la moyo na upana wa kiganja, ukingo una meno madogo, na ukilipapasa chini lina manyoya laini. Pale linapokutana na kikonyo pana vijidonge viwili, kimoja kila upande. Hiyo ndiyo alama ya kuutambua mti huu hata ungali mche wa shubiri moja. Na rangi yake ni ya chungwa lililoiva kabisa, inayong'aa juani, wala si ile manjano ya ugonjwa ambayo mahindi hupata yakikosa mbolea.

Tebeswet haugeuki wote kwa siku moja. Huyaachia majani makuukuu kwanza, machache machache, kwa hiyo kwa miezi unaona nukta za chungwa ndani ya kijani, na kiangazi kikikaza nukta huwa nyingi. Mvua zikirudi hutoa mishumaa ya maua meupe yenye kusimama, na nyuki hukusanyika hadi mti mzima ukavuma. Ndugu yake, mukinduri, nao hugeuza majani yake rangi ya chungwa, tena una upande wa chini wa jani wenye fedha. Lakini mukinduri ni mrefu mno, hupita mita 20 kwa raha zake, na hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wauza miche hawalitaji.

Ploti ya kawaida mjini ni hamsini kwa mia, kwa futi. Ukiigeuza ni kama mita 15 kwa 30. Toa nyumba, toa mahali pa gari, toa tangi la maji, toa shimo la majitaka na kamba ya nguo, toa ile sehemu ambayo jirani wa nyuma ameidai tangu ukuta ujengwe. Kwa watu wa Kiamunyi, Lanet au Free Area kinachobaki ni kona moja mbele na pengine ukanda mwembamba ubavuni. Yaani una nafasi ya mti mmoja mkubwa kiasi, au miwili midogo. Ukikosea, utakaa na kosa hilo miaka ishirini, kisha utamlipa mtu wa msumeno kuliondoa, na yeye bei yake huipanga kwa kuangalia paa lako liko karibu kiasi gani.

Tuuweke mjakaranda kwenye kipimo hicho. Kila mtu anaupenda, nami naupenda. Asili yake ni Argentina na Bolivia, ukaletwa Afrika enzi za ukoloni. Nairobi inamkumbuka Peter Greensmith, msimamizi wa bustani za jiji tangu mwisho wa miaka ya 1940, kwa jinsi alivyoijaza mitaa yake mijakaranda na bogenvilia. Miji ya Bonde la Ufa nayo ilifuata, na hadi leo Septemba ikiisha mitaa ya zamani ya Nakuru kama Milimani huingia katika zambarau hadi Novemba. Majani hukauka na kuanguka kwanza, maua hufunika matawi matupu, kisha maua nayo huanguka na chini kukawa zambarau kama juu. Kwa upande wa tamasha, hakuna mti katika mji huu unaokaribia zaidi zile picha za Massachusetts.

Lakini mijakaranda ile ilipandwa penye barabara pana na mashamba ya nyumba ya ekari nzima. Mti uliokomaa hufungua mwavuli wa mita 10 au zaidi. Kwenye ploti yenye upana wa mita 15, hesabu inajieleza: theluthi mbili za upana wa anga yako zimekwisha, na sehemu ya anga ya jirani. Maua yaliyoanguka huteleza kwenye saruji, majani yake madogo mno huziba mifereji ya paa na kuchafua maji ya mvua unayokinga kwenye tangi. Uliopandwa kwa mbegu huweza kukuweka miaka saba, kumi, hata zaidi kabla ya kuona ua la kwanza. Afrika Kusini, ambako Pretoria inajulikana dunia nzima kwa mijakaranda yake, sheria imeuweka katika orodha ya mimea vamizi na kuzuia kupanda mipya ovyo. Huku kwetu hatujafika huko. Mwenye nusu ekari Ngata au Njoro na aupande, aushangilie. Mwenye hamsini kwa mia na aufurahie ule wa Milimani, ambao ni bure.

Tebeswet, kwa kulinganisha, hukubali panga. Ukiukata matawi ya chini miaka ya mwanzo huinuka na shina safi, na ukiupunguza kichwa hurudi. Kivuli chake si kizito, kwa hiyo sukuma wiki iliyo chini yake haiteseki sana. Ila usiupande juu ya kisima wala pale watoto wadogo wanapochezea, maana mbegu za jamii hii zina sumu zikiliwa.

Sasa, kwa anayetaka jani jekundu hasa, jani linalogeuka na kuanguka vile vile kama kule ng'ambo, jibu liko chini ya mlima, Baringo. Mbarao, Terminalia brownii, hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyapukutisha. Wakamba huuita muuku na huchonga vinyago kwa mbao zake; upande wa Baringo na Pokot utasikia koloswo. Huota kuanzia nyanda za joto hadi kama mita 2,000, kwa hiyo Nakuru mjini uko ndani ya mipaka yake, Naivasha pia. Molo, iliyo karibu mita 2,500, hapana. Matawi yake hujipanga kwa matabaka, na hata majani yakiisha bado una kitu cha kutazama: matunda bapa yenye mabawa, mekundu ya zambarau, yakining'inia kwa vishada. Watu wa Pwani watautambua ukoo huo mara moja, kwani mkungu wao ni wa jamii hii hii, na majani mekundu ya mkungu yaliyotapakaa mchangani ni jambo la kawaida kutoka Lamu hadi Vanga. Mkungu wenyewe usijaribu kuuleta Nakuru. Unataka joto la bahari, na hapa utakaa miaka ukiwa na urefu wa kiuno.

Shida ya mbarao ni moja tu: haupatikani kirahisi. Nilipouulizia kwenye vitalu kando ya barabara kuu ya Nairobi, mwenye kitalu alinitazama kwa huruma. "Mama, hiyo ni miti ya porini. Chukua grevilea, miaka miwili uko chini ya kivuli." Nikamwuliza kuhusu tebeswet, akacheka kabisa. "Hiyo inaota yenyewe huko kwa mtaro. Nani atanunua?" Simlaumu. Anauza kinachoulizwa, na kinachoulizwa ni grevilea, botolobrashi, mikaratusi na mitende ya kupanga kandokando ya geti. Mtu hawezi kumwagilia mbarao mwaka mzima akisubiri mteja mmoja.

Kwa mbegu na miche ya miti ya kienyeji, mahali pa kuanzia ni KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, yenye kituo kikuu cha mbegu Muguga na kituo cha ukanda wetu kule Londiani. Vikundi vya jamii vinavyotunza misitu ya Dundori, Bahati na Eburu navyo huotesha miche, na ukiagiza mapema, tuseme miezi sita kabla ya mvua, wengi watakuoteshea unachotaka. Tangu serikali ilipotangaza Desemba 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na hasa baada ya ile sikukuu ya kupanda miti ya Novemba 13, 2023, vitalu vimeongezeka kila kona. Wingi wa vitalu haujaleta wingi wa aina, lakini muuzaji aliyeulizwa kitu kimoja na watu kumi ataanza kukiotesha.

Tukirudi kwenye majani mekundu, mlama nao, wa jamii ya Combretum molle, ni mti mfupi wenye gome lililopasuka-pasuka na majani ya mahameli ambayo hugeuka wekundu wa zambarau kiangazi kikiwa kirefu. Huvumilia mawe na ukame, na kwa urefu wake wa mita tano hadi kumi unaingia kwenye ploti bila ugomvi. Huwa unakua taratibu. Mtu wa miaka sitini na apande tebeswet.

Na kuna wekundu usiotoka kwenye jani. Muhuti, ambao kwa Kiswahili ni mwamba-ngoma na kwa wanasayansi ni Erythrina abyssinica, hupukutisha kila kitu wakati wa ukame na kusimama uchi, gome nene lenye mikunjo kama kizibo, ukidhani umekufa. Kisha kwenye ncha za matawi matupu hutokea mienge ya maua mekundu yenye kuchoma macho, na ndege chozi hufika kabla hata hujamaliza kuuita jirani aje aone. Gome lile huukinga na moto wa nyika. Mizizi huongeza naitrojeni kwenye udongo. Na raha yake kubwa ni kwamba huhitaji kitalu: omba gogo la unene wa mkono kutoka kwa mwenye mti, liache kivulini siku chache utomvu ukauke, lichomeke ardhini mvua zikianza. Wazee wamejenga nyua hai kwa njia hiyo vizazi na vizazi. Onyo ni lile lile la mbegu. Zile punje nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watoto hutunga shanga, ni ngumu na hupita tumboni salama zikimezwa nzima, lakini zikitafunwa au kutobolewa ni sumu kali. Miiba pia ipo, midogo, ya kutosha kumfundisha mpandaji adabu.

Watu wengi watauliza mbona sijautaja kifabakazi, ule mti wa maua ya moto uliopewa jina la Nandi. Ni mti mzuri barabarani. Kwenye ploti, matawi yake ni mepesi kukatika upepo wa Menengai ukivuma, na ukizeeka shina huwa na uwazi ndani. Nje ya nyumbani kwake, kwenye visiwa vya Pasifiki, umesambaa hata ukaingizwa kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotungwa na wataalamu wa IUCN. Huku magharibi mwa Kenya uko kwao, haujafanya kosa lolote. Watoto huupenda kwa vichipukizi vya maua vinavyotiririsha maji vikibonyezwa; hilo pekee ni sababu ya kuupanda shuleni.

Usiopaswa kupandwa popote ni ule senna wa kigeni wenye vishada virefu vya manjano, Senna spectabilis, ambao baadhi ya wauzaji huusifu kwa kukua haraka. Unakua haraka kweli. Umevamia misitu ya Budongo nchini Uganda na Mahale nchini Tanzania, na kuung'oa ni kazi ya miaka. Mwenye kutaka manjano ana senetwet, Senna didymobotrya, wa hapa hapa, kichaka cha mita tatu hivi chenye mishumaa ya maua ya manjano na vichwa vyeusi. Ndio mti ambao mkaa wake hutumika kusugulia vibuyu vya mursik, kwa hiyo utakuwa na pambo na kazi pamoja. Ukitaka manjano marefu zaidi, kuna lusiola, ambao Waluo huuita siala: shina lake huenda juu bila kutanuka, maua ni ya manjano yenye michirizi ya kahawia, na ukikatwa huchipuka tena.

Rangi nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo rangi halisi ya Bonde la Ufa la kati, ni ya fedha. Panda gari kutoka Gilgil kuelekea Elementaita saa kumi jioni, upepo ukigeuza vichaka vya leleshwa upande wa chini wa majani. Kilima kizima huwa cheupe, kisha kijivu, kisha cheupe. Leleshwa imezoea udongo wetu wa majivu ya volkano na pumisi, ule unaokunywa maji ya ndoo nzima na dakika tano baadaye umekauka. Haitaki mbolea, haitaki huruma. Jani lake likipondwa hunukia kafuri. Watu huichoma mkaa na kuing'oa ili wajenge, halafu wanakwenda kununua mti wa kumwagilia kila siku. Mti mmoja wa leleshwa uliopogolewa ukawa na shina moja, nyuma yake mwerezi au mzeituni wa porini wenye kijani kizito, ni pambo ambalo halina mwezi mbaya.

Hilo la mwezi mbaya lifikirie kabla hujanunua chochote. Muhuti una wiki za fahari na miezi ya kuonekana kama kuni. Silibwet, Dombeya ya nyanda za juu ambayo imekipa jina kituo kile cha Bomet, huchanua meupe kisha maua hukataa kuanguka. Hukauka mtini yakawa hudhurungi, na mti mzima ukaonekana umechovywa kwenye chai. Mimi napenda hudhurungi ile. Kuna watu wa nyumba moja walioukata wakisema ni mti wa huzuni. Kama mti utakuwa mbele ya dirisha la sebule, nenda ukautazame mwenzake aliyekomaa mwezi wa maua, urudi tena mwezi wa ukame.

Na huenda mti wa rangi tayari unao. Tazama mparachichi wako wiki mbili tatu baada ya mvua kuanza: ncha zote za matawi zina majani machanga yenye rangi ya shaba. Miembe hufanya hivyo, na lamaiyat, mzambarau wetu wa kandokando ya mito, hufanya kwa wekundu zaidi. Katika misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, Tanzania, jambo hili hutokea kwa msitu mzima: miezi ya Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado haijanyesha, miti huvaa majani mapya mekundu, ya shaba na ya waridi kwa wiki chache, kisha yakawa kijani. Jamii ya miti hiyo, mrihi, iko pia Arabuko-Sokoke, Kilifi. Mwonekano ni wa Massachusetts, lakini majani yale ndiyo kwanza yanazaliwa.

Mmoja wa mwisho ni mgunga wa manjano, wenye gome linalong'aa kama limepakwa unga. Unapendwa sana na wenye nyumba za kisasa, na picha zake za Naivasha ni nyingi. Mti huu hutafuta maji ya chini, una miiba, na hukua haraka kupita kuta. Hata maji yenyewe yana kipimo: tangu Ziwa Nakuru lianze kufurika katika muongo uliopita, migunga ya ufukweni imezama na kufa ikiwa imesimama, mingi mno, na ukiingia mbugani utaiona. Weka mita nane kati ya mgunga na msingi wa nyumba. Kama huna mita nane, huna mahali pa mgunga.

Kuhusu kupanda kwenyewe sina maneno mengi. Chimba shimo Machi, la futi mbili kwenda chini na mbili upana, udongo wa juu uuweke upande wake, kwani ndio utakaorudi kwanza ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huita mchwa. Kwenye udongo wa pumisi, ongeza samadi kuliko wanavyokuambia watu wa Kisii. Panda mvua ya pili au ya tatu, si ya kwanza, maana ya kwanza hudanganya. Kaa mita tano kutoka shimo la majitaka hata kwa mti mdogo. Maji ya kisima katika sehemu nyingi za Nakuru yana floraidi nyingi, kama meno yetu yanavyoshuhudia, kwa hiyo mche na unywe ya mvua ukiweza kukinga.

Unapofika kwenye kitalu, usichague mche mrefu. Inua karatasi nyeusi utazame chini. Kama mzizi umeshatoboa na kuingia ardhini, mwenye kitalu ataung'oa kwa nguvu mbele yako na utakwenda nyumbani na mti uliokatwa mguu. Kama mizizi imejizungusha ndani ya karatasi, itaendelea kujizungusha hivyo hivyo shimoni, na mwaka wa sita upepo utauangusha mti mzima huku ukijiuliza ulikosea wapi. Chukua ule mfupi, shina nene, majani machache, hata kama jani moja limeliwa na mdudu. Bei yake huwa ni ile ile.